Tulichopenda Mwezi Huu

Picha ilifika kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa kabla ya chai ya saa nne. Chelagat aliiona akiwa kazini, mkono mmoja umeshika mhuri, mwingine unafungua simu chini ya dawati kama mwanafunzi mtundu. Ilikuwa picha ya kadi. Kadi yenyewe ilikuwa papo hapo, kwenye rafu iliyo kando ya mlango wa maktaba, na mwandiko ulikuwa wake.

Chini ya picha, Sally, katibu wa kundi, alikuwa ameandika: “Wapendwa, tuwakumbuke Baba na Mama Cherono kwa maombi. Ndoa ni vita.” Mama Cherono alikuwa ni yeye Chelagat. Viganja vya kuomba vilishaanza kujipanga, kimoja chini ya kingine, na mama mmoja aliyekuwa haelewi alikuwa ameweka keki ya siku ya kuzaliwa.

Rafu hiyo ilikuwa wazo la Adero, msimamizi wa maktaba, mwanamke mrefu asiyevumilia kuona kitabu kikizeeka bila kuguswa. Maktaba ni ya jamii, ndogo tu, nyuma ya nyumba za zamani za reli hapa Nakuru. Wazee huja kusoma magazeti, walimu huja kusahihisha mitihani mbali na watoto wao, na watu wa bodaboda huja mvua ikinyesha. Watoto wana kona yao na hadithi zao. Lakini watu wazima, Adero alilalamika, huingia, huzunguka, hutoka mikono mitupu kwa aibu ya kuuliza. Kwa hiyo kila mfanyakazi alitakiwa kila mwezi achague kitabu kimoja na filamu moja ya watu wazima, aandike kadi, aiegemeze hapo chini ya maandishi makubwa: TULICHOPENDA MWEZI HUU. Kitabu kiliazimwa, na filamu ilionyeshwa ukutani Jumamosi alasiri.

“Msiniandikie maneno ya nyuma ya jalada,” Adero aliwaonya. “Hiyo kila mtu anaweza kujisomea. Niambie ni kwa nini wewe, si mtu mwingine, umekipenda.”

Chelagat alitii. Alichagua riwaya iitwayo *Mwezi wa Mahindi Mabichi*, akaandika: “Nimekipenda kwa sababu mke aliyemo analala kando ya mume aliyerudi bila kurudi. Kwangu pia mazungumzo yaliisha mwaka jana. Ukikisoma hutajiona uko peke yako. Chelagat, dawati la kuazima.”

Hilo lilikuwa kosa, na ni kosa la mtu wa maktaba tu. Kwa miaka yote aliyokaa pale hakuwahi kumwona mtu wa kanisa lake wala wa ploti yao akipita mlango ule. Akaamini kwamba kuandika jambo lako kwenye rafu ya vitabu ni sawa na kulichimbia shimo. Hakujua kwamba siku moja, yeye akiwa hayuko dawatini, Sally angeingia kuuliza kama maktaba inachapisha programu za mazishi.

Adero alisimama nyuma yake, akaiona simu, akaelewa.

“Toa hiyo kadi, Chelagat,” alisema polepole. “Na unisamehe. Ni mimi nilitaka muandike kutoka kwa roho.”

Chelagat aliitoa, akaifungia kwenye droo pamoja na pini na wino. Kuitoa hakukusaidia kitu. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Kibii, mume wake, alikuwa dereva wa lori mpaka mwaka jana, breki za lori zilipokataa kwenye mteremko wa Salgaa. Yeye alitoka na mkono uliovunjika. Mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara hakutoka. Polisi walichunguza, wakasema ni breki, wakamrudishia leseni yake. Tajiri wa lori alimpigia simu, akamwambia kuna lori lingine linamngoja. Kibii hakwenda.

Tangu hapo alikuwa akiamka, akioga, akivaa koti na kwenda kuketi na madereva wenzake kwenye gereji karibu na barabara kuu, akiwatazama wakifungua magurudumu. Jioni alirudi, akala. Aliulizwa kuhusu mkono, alijibu “sawa”. Aliulizwa kuhusu chakula, “sawa”. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza kuishi na neno hilo moja.

Siku hiyo ni Micah, dereva mwenzake, aliyemwonyesha simu. Mke wa Micah naye ni wa kundi lile lile.

“Boss, hii si ni bibi yako?” Micah alisema, na kwa vile walikuwa wengi, akasema kwa sauti. “Umewekwa library kama gazeti. Eti ulirudi bila kurudi. Sasa huyu mwenye ameketi hapa ni nani?”

Watu walicheka. Si kicheko cha ubaya, ni kile cha wanaume ambao hawana la kufanya mpaka injini ifunguliwe, lakini kicheko ni kicheko. Kibii aliisoma kadi mpaka mwisho, akairudia, akarudisha simu.

“Sawa,” alisema.

Alisimama, akapangusa koti, akatembea mpaka nyumbani kwao Kaptembwo kwa miguu. Micah alibaki ameshika simu, furaha imemtoka, akijiuliza kama amfuate. Hakumfuata.

Jioni Chelagat alikuja nyumbani akiwa amepanga maneno kichwani kama vitabu. Alipofungua mlango yote yalianguka. Kibii alikuwa ameketi mahali pake. Cherono, binti yao wa miaka kumi na minne, alikuwa mezani na hesabu zake, kalamu haisogei.

“Baba Cherono.”

“Mm.”

“Umeiona.”

“Nimeonyeshwa.”

Chelagat aliweka mkoba chini. “Sikuandika jina lako.”

“Uliandika yako.”

“Nilidhani hakuna mtu wetu—”

“Huko kwenu watu wanasoma, Mama Cherono. Ndio kazi ya huko. Sasa ulidhani nini?”

Hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa pamoja tangu Salgaa. Chelagat alijikuta anafurahi kuisikia sauti yake, ijapokuwa ilikuwa inamlaumu, kisha akaona haya kwa furaha hiyo.

“Jumapili naenda Kuresoi,” Kibii aliendelea. “Mama anang’oa viazi. Nitamsaidia.”

“Utarudi lini?”

“Viazi ni mingi.”

Alivuta begi kubwa kutoka chini ya kitanda, akaanza kulijaza. Alitia sweta zote mbili. Alitia mashine ya kunyolea. Kisha akatia viatu vyake vya kanisa, vile vyeusi, akavifunga kwa gazeti kwa uangalifu. Chelagat na Cherono walitazamana. Hakuna mtu anayeng’oa viazi kwa viatu vya kanisa.

Kesho yake asubuhi, Kibii aliingia maktaba.

Alivua kofia mlangoni kama mtu anayeingia ofisi ya chifu. Hakujua asimame wapi. Wazee wa magazeti walishusha kurasa kidogo, wakamtazama, wakazipandisha, kwa sababu habari za kadi zilikuwa zimewafikia nao. Hakuna mahali penye kimya kinachosikia kama maktaba. Rafu ya mlangoni ilikuwa na pengo mahali kadi ilipotolewa, na Kibii aliliangalia pengo lile kabla ya kusogea kwenye dawati.

“Habari ya asubuhi,” Chelagat alisema kwa sauti anayotumia kwa kila mtu.

“Mzuri. Nataka ile kitabu.”

“Kitabu gani?” Alijua. Swali lilimtoka kwa mazoea, na akatamani alirudishe.

“Ile yenye unaniona ndani.”

Nyuma yake alikuwa amesimama mwalimu na vitabu vyake vya kurudisha, akisoma tangazo la ukutani kwa bidii isiyo ya kawaida. Chelagat aliinuka, akaenda akakitoa kitabu.

“Kama wewe si member, inasomewa hapa tu,” alisema.

“Nitasomea hapa.”

“Uko na miwani?”

Kibii alitoa mfukoni miwani aliyonunua barabarani Mai Mahiu zamani zile za safari, mkono mmoja wa miwani hiyo umefungwa kwa uzi. Alichukua kitabu kwa mikono yote miwili, akaenda kuketi mwisho kabisa, karibu na dirisha kubwa.

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na wangemjua Chelagat wangeongeza jingine. Mwanamke huyu alikuwa anaweza kumtazama mtu asiyemjua, akamuuliza mawili matatu, na kumpa kitabu ambacho mtu huyo angerudi kumshukuru akiwa na macho mekundu. Aliwahi kumpa mjane filamu ya kuchekesha, mjane akaja kuomba nyingine. Lakini kwa mwaka mzima hakuwa amepata la kumpa mume wake. Na sasa mume alikuwa amejichukulia mwenyewe kile ambacho hangempa kamwe.

Kwa maana Chelagat alijua kinavyokwisha. Katika *Mwezi wa Mahindi Mabichi* mume anarudi kutoka migodini bila maneno. Katikati ya kitabu kuna ukurasa mmoja ambapo mume huyo, bila kuambiwa, anatengeneza mguu wa kigoda cha mkewe uliokuwa umelegea, na mke akikalia kigoda anagundua, na hakuna anayesema kitu. Kwa ajili ya ukurasa huo Chelagat alikipenda kitabu. Lakini mbele zaidi mke anachoka. Anafunga kikapu chake alfajiri, anatoka. Mume anasikia mlango, yuko macho, na haamki. Kitabu kinaishia hapo. Kwenye kadi Chelagat hakugusia mwisho, kwa sababu mtu wa maktaba hasemi mwisho wa kitabu.

Basi akawa anapiga mihuri huku akimtazama mumewe akisafiri kwenda ukurasa huo. Kibii aliishia kidato cha pili, na alisoma kwa kidole, mdomo ukisogea kidogo. Mchana ulipofika alikuwa hajafika kwenye kigoda. Alikunja kofia, akarudisha kitabu dawatini, na ndani yake alikuwa ametia karatasi ya zamani ya mizani, ile wanayopewa madereva lori likipimwa uzito, ili imwonyeshe alipofika.

“Niwekee,” alisema.

“Nitakuwekea.”

Jioni hiyo akina mama wa kanisa walikuja kuombea nyumba. Walikuja na sukari, mkate na sauti zao. Kibii angeweza kutoka, wanaume wengi hutoka, lakini alibaki, akawapangia viti, akaketi kwenye stuli ya jikoni kwa kuwa viti vilikuwa vimeisha. Begi lilikuwa pale pale kando ya mlango, limevimba, na kila mama aliyeingia alilizunguka bila kuliangalia.

Sally aliomba kwa muda mrefu. Aliomba dhidi ya roho ya kununa. Aliomba Bwana afungue vinywa vilivyofungwa, na hapo Cherono alifumbua jicho moja kumtazama baba yake. Kibii alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayenyolewa.

“Amina,” alisema wengine walipomaliza, na akaenda kuwamiminia chai.

Chelagat alimsindikiza Sally mpaka getini, kifua kimejaa maneno yasiyofaa baada ya maombi. Sally alisimama, akafunga kanga yake vizuri, akaifungua, akaifunga tena.

“Mama Cherono, umenikasirikia.”

“Ungeniuliza kwanza, Sally. Ungenipigia tu.”

“Ningekuuliza.” Sally alitazama huku na huku. “Unajua nilipiga hiyo picha ya nini? Nilitaka jina ya kitabu isinipotee. Alafu nikafika nyumbani, nikaona nimebaki nayo peke yangu kwa simu, nikashindwa niiambie nani. Nikaona afadhali niifanye ya maombi.”

Chelagat aliegemea nguzo ya geti.

“Baba Jeff hajaniongelesha vizuri tangu wamfute kazi,” Sally alisema kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla hajaulizwa umetoka wapi. “Na sisi hatukuanguka na lori. Hiyo kitabu inaazimwa ama ni ya wafanyakazi?”

Hasira ya Chelagat ilitafuta mahali pa kukaa, ikakosa. Siri ya mtungi aijuaye kata, naye alikuwa amedhani kata ni yake peke yake.

“Inaazimwa,” alisema. “Kuja na passport photo mbili. Lakini ngoja kidogo, kuna mtu anaisoma.”

Kibii alirudi maktaba Alhamisi, akarudi Ijumaa. Wazee wa magazeti walimzoea, mmoja akawa anamwekea kiti. Nyumbani hakuna aliyetaja kitabu. Kilikuwa kama mgonjwa aliye chumba cha pili.

“Mum, Dad anasoma nini huko?” Cherono aliuliza wakiosha vyombo.

“Kitabu.”

“Inaishanga poa?”

Chelagat alisugua sufuria mahali palipokuwa pameshatakata. “Inaisha,” alisema.

Siku hiyo ya Ijumaa mchana, alipokuwa akikirudisha kitabu kwenye droo, alikifungua penye karatasi ya mizani. Kibii alikuwa amepita kigoda. Alikuwa amebakisha kurasa zile tu, kikapu na alfajiri na mlango. Chelagat aliketi, kitabu kikiwa wazi magotini.

Adero alikuwa amemwona. “Naweza kumwambia imeitishwa na tawi lingine,” alinong’ona. “Ni uongo mdogo. Nitaubeba mimi.”

“Hapana, Madam.”

“Akisoma vile huyo mama aliondoka, na yeye begi yake iko kwa mlango? Si atachukua kama umemwambia aende?”

“Atachukua hivyo, labda.”

“Basi?”

Chelagat alikifunga kitabu. “Nimemnyima mambo mengi nikidhani namhurumia,” alisema. “Simpigii hadithi za kazi. Nazima redio habari za barabara zikianza. Cherono nimemwambia asimsumbue. Kumbe ni mimi nimeongeza hicho kimya. Wacha amalize kitabu, angalau hiyo.”

Jumamosi ilikuwa siku ya filamu, na filamu ilikuwa ya Chelagat: kichekesho cha mzee mmoja anayemfundisha mkwewe kuendesha trekta. Alasiri chumba kilijaa. Adero alitega projekta juu ya vitabu vinne vya sheria visivyoazimwa na mtu, ukuta mweupe ukangoja, na kazi ikabaki moja, kufunga mapazia.

Chelagat alifunga la kwanza na la pili. Alipofika kwenye dirisha kubwa la mwisho, Kibii alikuwa chini yake, kidole kwenye mstari, miwani imeteleza puani. Hakuwa ameinua kichwa. Chelagat aliona ni ukurasa gani. Kikapu kilikuwa kimeshafungwa.

Alishika pazia. Angelivuta, chumba kingekuwa giza, na mume wake angelazimika kufunga kitabu. Maktaba ingefungwa baada ya filamu. Kesho ilikuwa Jumapili. Begi lingeondoka, na mwenyewe asiujue mwisho. Mkono wake ulikaa kwenye kitambaa kile.

Aliliachilia pazia, akarudi mbele.

Filamu ilianza. Nusu ya ukuta ilikuwa picha, nusu ilikuwa mwangaza mtupu. Mkwe alionekana, trekta halikuonekana.

“Mathe, si ufunge hiyo pazia,” kijana mmoja wa bodaboda alisema. “Tunaskia tu engine.”

“Hatuoni kitu, madam,” mwingine akaongeza.

“Ngojeni kidogo,” Chelagat alisema.

“Tungoje nini?”

Alisimama mbele yao wote, mwanga wa projekta ukimpiga begani. “Kuna mtu anamaliza kitabu,” alisema.

Watu waligeuka. Walimwona mwanamume mzima wa koti ameinamia kurasa dirishani, mdomo ukisogea, na wengi walimjua ni nani. Mzee mmoja wa magazeti alikohoa akasema, “Basi tungoje, kwani trekta inaenda wapi.” Adero akasimamisha picha. Chumba kizima kilikaa kikimngoja mtu mmoja afike mwisho, na yeye hakujua, mpaka alipofunga jalada, akavua miwani, akaona macho yote hayo.

Kibii aliinuka. Alilishika pazia, akalivuta mwenyewe mpaka mwisho. Katika giza Chelagat alisikia hatua zake zikipita, zikaenda mlangoni, zikatoka.

“Nenda,” Adero alisema. “Trekta nitaendesha mimi.”

Alimkuta kwenye ngazi za nje, karibu na mfereji, ameketi na kitabu magotini. Alikuwa ametoka nacho bila kuandikisha. Chelagat aliketi ngazi ile ile, akaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

“Aliondoka,” Kibii alisema.

“Aliondoka.”

“Na huyo mzee alikuwa macho. Aliskia mlango.”

“Eh.”

“Mbona hakuamka?”

“Hawajasema. Mimi nimeisoma mara nyingi, na hawajasema.”

Ndani watu walicheka kwa pamoja. Mkwe alikuwa ameingia kwenye shamba la kabeji. Kibii aliitazama barabara.

“Yule mama wa Salgaa,” alisema, akakigeuza kitabu magotini. “Nilikuwa customer wake. Hujui hiyo. Nikianza kushuka napiga honi, yeye anainua hindi moja juu, nikifika liko tayari. Kila safari. Hatukuwa hata tunaongea sana. Ni honi tu.”

Chelagat aliukunja mkono wake ili usikimbilie kumshika.

“Hiyo siku breki zilienda, nikapiga honi watu watoke. Nilipiga, nikapiga. Watu wakakimbia. Yeye akasimama.” Aliinua mkono wake juu, kisha akaushusha. “Akainua hindi. Alikuwa anacheka. Alijua ni mimi.”

Mtu mwingine angesema si makosa yako. Polisi walisema, mchungaji alisema, Chelagat mwenyewe alisema mara nyingi kule hospitalini, na halikuwa limemfaa kitu.

“Aliitwa nani?” aliuliza.

“Wariara.” Jina lilitoka kwa shida, na nyuma yake yakatoka machozi, ya mtu mzima, yasiyo na sauti. “Kila nikitaka kuongea naskia hiyo honi. Naona nikisema kitu, mtu atasimama badala ya kukimbia. Sikuwa nimekukasirikia. Sikuwa nimeacha kukupenda, Chelagat.”

Hakuwa akimwita kwa jina. Tangu Cherono azaliwe alikuwa Mama Cherono. Chelagat alisogea, ile nafasi ya mtu mmoja ikaisha, akalia pamoja naye, na watu waliopita njiani waliwatazama na kwenda zao.

“Wewe ulikuwa unaisoma hiyo kitabu ukifikiria kuondoka?” Kibii aliuliza baadaye, akipangusa miwani kwa ncha ya shati.

“Nilikuwa naisoma nikiogopa wewe utaondoka.”

Kibii alivaa miwani tena.

“Viazi vya mama haviwezi kungoja,” alisema.

“Najua.”

“Lakini tukienda watatu, vitaisha Jumapili hiyo hiyo.” Alikifungua kitabu nyuma kabisa, akakifunga. “Kwa hao watu wa Wariara pia sijawahi kufika. Naogopa kwenda peke yangu.”

“Hutaenda peke yako.”

“Na ile kadi uliweka wapi?”

“Iko kwa droo.”

“Irudishe,” Kibii alisema.

Jumatatu Sally alikuja maktaba na picha zake mbili za pasipoti, amevaa kama mtu anayekwenda benki. Chelagat alikuwa na udongo wa Kuresoi chini ya kucha, hata sabuni ilikuwa imeshindwa. Alimjazia Sally kadi ya uanachama, akamwonyesha pa kutia sahihi, kisha akamwelekeza kwenye rafu ya mlangoni.

Kadi ilikuwa imerudi. Kitabu kilikuwa kimesimama nyuma yake, kimelainika kidogo pembeni. Sally aliisoma kadi ijapokuwa aliijua kwa moyo, akafika chini, akaona maneno mapya yaliyoandikwa kwa kalamu ya dawati, herufi kubwa, nzito, za mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa akijaza tu karatasi za mizigo: “Kitabu ni kizuri. Mwisho nimeukataa. Mimi ningeamka.”

“Nani ameandika hii?” Sally aliuliza. “Si hizi kadi ni za wafanyakazi peke yao?”

“Ni bwana yangu,” Chelagat alisema, na akapiga mhuri.